Namba ya Siri Si Idhini

Binti wa dada yangu amepata kazi Masaki. Ameajiriwa na mtu mwenye kampuni kadhaa awe msaidizi wake binafsi, na wiki ya kwanza haijaisha alishakabidhiwa vitu viwili. Cha kwanza ni karatasi ya wakili ya kutia sahihi, inayomkataza kutoa nje habari yoyote ya mwajiri wake, hata baada ya kuacha kazi. Cha pili ni simu ya mwajiri, kadi yake ya benki na namba za siri, ambazo alitajiwa kwa mdomo mlangoni, bosi akikimbilia uwanja wa ndege. Akanipigia: "Mama mdogo, hii sheria mpya ya taarifa binafsi inaniruhusu kushika hivi vitu au inanikataza?"

Sheria anayoisema ni ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Nilimjibu kwamba sheria haijaja kumnyang'anya kazi, ila asiguse senti ya mtu kabla hajapata maandishi yanayosema anaruhusiwa kufanya nini na nini haruhusiwi. Akaniona mkali. Ukali huo nimeupata kazini. Kwa miaka mingi nilikuwa katibu muhtasi wa mfanyabiashara mmoja pale Posta, Dar es Salaam, na mwishowe nikawa nashika pesa zake za nyumbani kuliko nilivyoshika barua zake. Wanaozungumzia siri huuliza nani anaona. Anayeshika pesa za mwenzake ana swali zito zaidi la kujiuliza: nafanya hivi kwa idhini ya nani, na idhini hiyo imeandikwa wapi?

Nilisomea Chuo cha Uhazili, Tabora, enzi ambazo hati mkato na kupiga chapa bila kutazama vidole ndivyo vilivyomtenga katibu na karani. Siri za ofisi tulifundishwa zikatuingia. Jalada la siri halipiti mkononi mwa mhudumu bila bahasha. Karatasi ya kaboni iliyotumika haitupwi nzima. Mgeni akisimama mbele ya meza yako, barua unailaza kifudifudi. Lakini yote yale yalihusu barua. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba bosi naye ana nyumba, na kwamba nyumba hiyo ipo siku itahamia kwenye droo yako.

Mzee, ndivyo tulivyomwita wote pale ofisini, alikuwa anaingiza vipuri vya magari. Mambo yake ya nyumbani yalinijia kidogo kidogo. Ilianza ada ya shule, kwa kuwa benki ilikuwa njiani kwangu. Ikafuata bima ya gari, bili ya maji, umeme wa LUKU, kisha mshahara wa mlinzi na wa dada wa kazi. Sikuitwa hata siku moja nikaambiwa kwamba kuanzia leo wewe ndiye mtunza pesa za nyumba. Kazi hii haina barua ya uteuzi. Unashtukia tu umo ndani.

Benki ndiko nilikopata somo la kwanza. Karibu kila siku nilipanga foleni na fedha za mauzo, na keshia mmoja alinizoea hadi akawa ananipa pole kabla sijamwambia kwamba nina mafua. Siku moja mzee akanituma niulize salio la akaunti yake binafsi. Keshia yule akatikisa kichwa.

"Dada, kuweka weka hata milioni mia. Salio namwambia mwenye akaunti."

"Lakini mimi ndiye niliyeziweka!"

"Najua. Ndiyo maana nakukatalia kwa upole."

Nilirudi ofisini nimenuna, na mzee aliponisikia akanuna kunishinda. Hasira zilipotulia nikaiona hekima ya yule kijana. Kuweka pesa kwenye akaunti ya mtu hakumdhuru, hivyo yeyote anaweza kufanya. Kujua ana kiasi gani ni jambo la pili, na kuzitoa ni la tatu. Benki ilikuwa imeyatenga mambo ambayo ofisini kwetu tuliyafunga fundo moja, tukaliita kuaminiwa. Dawa yenyewe ilikuwa nyepesi. Mzee aliandika barua kwa meneja, yenye jina langu na mfano wa sahihi yangu, kwamba naruhusiwa kuchukua taarifa ya akaunti na kitabu cha hundi, na siruhusiwi kutoa pesa. Barua ikaingia kwenye faili. Tangu hapo keshia alinipa taarifa ya akaunti ndani ya bahasha, na hapakuwa na swali tena.

Barua ile ilinipa ujasiri wa kusema jambo la pili. Mzee alikuwa na desturi, akisafiri kwenda Dubai, ya kuniachia hundi alizokwisha kuzitia sahihi zikiwa tupu. Hundi ya namna hiyo humpa usingizi aliyeisaini na kumkeshesha aliyeachiwa. Nilimwomba aandike jina la mlipwaji kabla hajaondoka, na apige ile mistari miwili ya pembeni, ili pesa iingie kwenye akaunti tu na isichukuliwe taslimu dirishani. Akaniuliza kama nimeanza kujitilia shaka. "Hapana, mzee. Ila zikiibiwa zikiwa tupu, wa kwanza kuulizwa ni mimi." Alizijaza zote, akinung'unika.

Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya, na mipaka yote tuliyoijenga kwa barua ikabomoka. Mzee alinunua simu ya pili, laini ikasajiliwa kwa jina lake, na simu yenyewe ikalala kwenye droo yangu. Namba ya siri aliniandikia kwenye ukingo wa gazeti, nikaisoma nikaichana. Benki ilikuwa na kaunta, ilikuwa na faili, na ilikuwa na mtu wa kusema hapana. Ndani ya simu hapakuwa na kimojawapo. Mbele ya simu, anayejua namba ndiye mwenye pesa. Na kila muamala ulileta ujumbe wenye jina la aliyepokea, kiasi alichopokea na kilichobaki. Lile salio ambalo keshia alininyima, simu iliniambia hata sijauliza.

Hapo ndipo nilipoanza kujua nisiyotaka kuyajua. Kila mwisho wa mwezi kulikuwa na pesa ya kwenda Tanga, kwa jina la mwanamke ambaye hakuwahi kutajwa ofisini. Niliagizwa nitume, nikawa natuma. Siku moja mzee yuko safarini, mkewe akaja ofisini. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kiti cha wageni, akauliza habari za wanangu mmoja baada ya mwingine. Kisha akasema polepole:

"Mwanangu, wewe ndiye unayetuma pesa za nyumba ile. Tanga kuna nani?"

"Mama, mimi natumwa tu. Aliyenituma anarudi Alhamisi."

Akacheka, kicheko kisichokuwa na furaha. "Kweli Tabora walikufundisha."

Hakunisema vibaya, wala hakuniuliza tena. Mimi nilibaki naye moyoni, kwa sababu nilimpenda mama yule na nilijua swali lake ni halali. Lakini jibu halikuwa mali yangu. Na halikuwa la mzee peke yake. Ujumbe mmoja wa simu huwa na watu zaidi ya mmoja ndani yake, na yule mwanamke wa Tanga, awe dada, mdai au vinginevyo, hakuwahi kunipa ruhusa ya kulitamka jina lake mbele ya mtu. Mwenye siri unayemjua asikusahaulishe mwenye siri usiyemjua.

Haukupita muda, mama yule yule akanifunza upande wa pili wa jambo hilo. Mzee alitaka mkopo, na dhamana ilikuwa nyumba wanayoishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya familia au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, hivyo benki ikatoa fomu ya kutiwa sahihi na mke. Mzee alinipa nikampelekee. "Mwambie ni karatasi za benki, asaini hapo chini." Nilipofika nyumbani nilimsomea mama fomu yote, kuanzia kiasi cha mkopo hadi kitakachoipata nyumba mkopo usipolipwa. Alisaini kesho yake, baada ya kuzungumza na mumewe. Mzee aliniuliza kwa nini nilikawia. Nilimwambia ukweli, na kwa kuwa alikuwa mtu mwelewa, yakaisha.

Nimeyapima matukio hayo mawili mara nyingi. Mama ni yule yule na pesa ni za mzee yule yule, lakini mara moja nilinyamaza na mara nyingine nilisema. Ningeongozwa na huruma tu, ningesema mara zote mbili. Ningeongozwa na utii tu, ningenyamaza mara zote mbili. Pesa ya Tanga haikunipa mamlaka ya kumjibu mama. Nyumba ilikuwa na sheria iliyompa mama haki ya kujua anachokitia sahihi. Siri ya mwajiri ina ukuta, na ukuta huo huishia pale haki ya mtu mwingine inapoanzia. Msaidizi asiyejua ukuta unaishia wapi atakuwa mmbea, au atakuwa chombo cha kuwadhulumu wengine.

Yupo pia mtu ambaye siri yake haikuwa na ukuta wowote. Faili la nyumba lilibeba mambo ya wengine mbali na mzee. Mlikuwa na nakala ya kitambulisho cha mlinzi, namba za simu za ndugu zake kijijini, na risiti za zahanati za dada wa kazi, kwa kuwa mzee alimlipia matibabu na mimi nilihitaji risiti kwa ajili ya hesabu. Risiti ya zahanati huandika kipimo alichofanyiwa mgonjwa. Dereva alizileta mkononi, zikiwa wazi. Mara moja, kabla risiti haijafika mezani kwangu, habari ya kipimo cha binti yule ilikuwa imeshafika getini, ikavuka ukuta hadi kwa jirani. Binti alifungasha vitu vyake akaaga kwamba mama yake mzazi anaumwa. Hakurudi.

Taarifa ya akaunti ya mzee ilisafiri ndani ya bahasha iliyofungwa, habari za mwili wa binti yule zikasafiri kwenye kiganja cha dereva. Nilikwenda zahanati tukakubaliana: watumishi wa nyumba ile watibiwe kwa kuandikishwa, na mwisho wa mwezi niletewe ankara yenye jumla tu, vipimo na dawa vibaki huko huko. Kulipa hakukunihitaji nijue anaumwa nini. Sheria ya sasa inasema jambo hilo kwa lugha yake, kwamba taarifa zikusanywe kwa lengo maalumu na zisizidi lengo hilo. Ninaposikia watu wakiizungumza kana kwamba ni sheria ya mabenki na makampuni ya simu, humkumbuka binti yule. Wenye mali walikuwa na bahasha zamani sana kabla ya sheria hii. Asiyekuwa nayo ni yeye.

Tabu nyingine ilikuwa ya kuthibitisha mtu ni nani. Namba ya siri ikifungwa, unapiga simu huduma kwa wateja, nao wanauliza majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, muamala wa mwisho ulikuwa wa nani na kiasi gani. Majibu yote niliyajua. Niliposema mimi ni katibu wake, wakasema lazima apige mwenyewe. Mzee akapiga, akaanguka kwenye swali la muamala wa mwisho, akaziba simu kwa kiganja na kuninong'oneza, "Ilikuwa nani vile?" Mwenye mali alikuwa anafeli mtihani wa kujithibitisha, na mtumishi wake ndiye anayempa majibu. Maswali ya namna ile hupima nani anajua, na kujua ndiyo kazi ya katibu. Hayawezi kumtambua mwenyewe na kumweka kando msaidizi wake. Tena hayawezi kumtambua msaidizi mwaminifu na kumkamata mwizi.

Kisha likaja zoezi la kusajili laini upya kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Laini ambazo hazijasajiliwa zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020, na kabla ya hapo foleni zilizunguka majengo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mzee alilazimika kusimama kwenye foleni kama sisi. "Nilikuajiri wewe ili mimi nisipange foleni," akanung'unika. "Mzee, kidole hukunikabidhi." Alipofika mbele, mashine ikamkataa. Ujanani alikuwa fundi gereji, na spana zilikuwa zimelainisha ncha za vidole vyake. Akapangusa kwa leso, akajaribu kingine, na kingine, hadi kimoja kikakubali.

Foleni ile ilifanya kazi ambayo maneno yangu hayakuifanya. Akiwa amesimama na simu yake mkononi, hana la kufanya, mzee alisoma ujumbe wa miamala yake mwenyewe, wa miezi na miezi. "Hivi umeme wote huu tunautumia sisi?" Alipotoka pale alimwita wakili wake. Wakafungua akaunti ya matumizi ya nyumba tu, yenye kiasi cha kutosha mambo ya nyumba na si zaidi, ambayo yeye au mkewe, yeyote kati yao, angeweza kuidhinisha malipo. Mimi nikapewa ruhusa ya kuandaa malipo kwenye mtandao wa benki, bila uwezo wa kuyapitisha. Naandaa mimi, anaidhinisha mama. Lile fundo tulilolifunga miaka mingi likafunguliwa kwa karatasi chache.

Hatukujua kwamba muda uliobaki ni mfupi. Mzee alipata kiharusi akiwa nyumbani. Alipofikishwa hospitali hakuweza kusema wala kushika kalamu, na hospitali ilitaka amana kabla ya kumlaza. Mtoto wake mmoja alinipigia simu, sauti inatetemeka: "Dada, si unazo namba za mzee? Toa tu, tutaandikishana baadaye." Simlaumu. Mtu akimwona baba yake katika hali ile hawazi karatasi.

Wakili ndiye aliyetueleza jambo ambalo natamani kila familia ilijue mapema. Mamlaka unayompa mtu atende kwa niaba yako hukoma ukifa, na hukoma pia ukipotewa na akili timamu. Kwa maneno mengine, hati inaweza kudondoka saa ile ile inapohitajika kuliko saa zote. Ikiwa hati ya maandishi inadondoka, namba ya siri iliyotajwa kwa mdomo ina nguvu gani? Kilichotuokoa ni ile akaunti ya nyumba. Mama aliidhinisha kwa haki yake mwenyewe, na amana ikalipwa siku ile ile. Simu ya droo niliizima, nikaitia kwenye bahasha, nikaikabidhi kwa mama mbele ya watoto wote, bila kutamka namba.

Mzee hakuinuka tena. Baada ya arobaini, mahakama ilimteua mtoto wake mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, naye akatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu. Kulikuwa na minong'ono. Wapo walioona kwamba mwezi fulani pesa nyingi zilitoka, na macho yakageukia mezani kwangu. Nilileta daftari. Kila malipo yaliandikwa tarehe, kiasi, yalikuwa ya nini, nani aliagiza, na risiti iko wapi. Pesa nyingi za mwezi ule zilikuwa kodi ya TRA, na stakabadhi yake ilikuwepo. Minong'ono ikaisha.

Lakini daftari halichagui la kusema. Msimamizi alifika kwenye safu ya Tanga, akaniuliza kwa sauti ya chini. Sasa sikuweza kumwambia asubiri Alhamisi. Mwenye siri hakuwepo, na aliyeuliza alikuwa na barua ya mahakama iliyompa wajibu wa kujua nani anadai na nani ni mrithi. Nilimpa jina na namba kama vilivyokuwa kwenye ujumbe, bila kuongeza dhana yangu. Alipiga mwenyewe. Alichokikuta hakunieleza, nami sikumuuliza.

Ndiyo maana naiona ile karatasi ya wakili wa Masaki kuwa nusu ya kazi. Inamlinda mwajiri dhidi ya msaidizi wake, na hilo ni haki yake. Haimlindi msaidizi siku pesa ikipotea, wala haiwalindi mlinzi na dada wa kazi ambao vitambulisho vyao viko kwenye faili hilo hilo. Tusitegemee pia kwamba sheria za taarifa zitaziba kila pengo. Ile ya Kenya ya mwaka 2019, kwa mfano, inaziweka kando shughuli za mtu zilizo za binafsi au za nyumbani tu. Msaidizi binafsi anafanya kazi kizingitini, mguu mmoja ofisini na mwingine nyumbani kwa watu, na mara nyingi akijikwaa hakuna anayejua aanguke upande gani.

Ukurasa mmoja unatosha: aone nini, aandae nini, nani anaidhinisha, hesabu anampa nani na lini, na nini kifanyike mwajiri akiugua. Masharti ya mabenki, kwa kawaida, humkataza mwenye kadi kumpa mtu mwingine namba yake ya siri, na akiitoa hasara humwangukia. Mwajiri anayekutajia namba hiyo mlangoni huku akikataa kuandika ukurasa mmoja anasema anakuamini. Kwa kweli amekutwisha hatari yake, na mshahara wa kuibeba hajakutajia.